Safari Ndefu za Baisikeli, na Mafunzo ya Njia ya Zamani

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za safari ndefu za baisikeli, yaani safari za kilometa 200, 300, hata 600, ambazo watu huzifanya kwa hiari yao wenyewe, si kwa kupeleka mzigo wala kwa kutafuta zawadi. Huenda mtu wa Kitete akacheka na kusema, "Baisikeli kwetu si jambo la ajabu. Tangu alfajiri twawaona watu wakipita na magunia ya mkaa, na madumu ya maji, na ndoo za asali. Nguvu za miguu tunazo." Maneno hayo ni kweli. Lakini nguvu ni kitu kimoja, na kudumu ni kitu kingine. Mtu mwenye nguvu aweza kuwapita wenzake wote asubuhi, na saa ya alasiri akaonekana amelala chini ya mti, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Neno tutakalo kulieleza leo ni hili: jinsi mtu anavyojifunza kudumu.

Katika nchi nyingi vipo vyama vya waendesha baisikeli wa safari ndefu. Asili ya desturi yao ni Italia, mwaka 1897, ambapo watu kadha wa kadha walitoka Roma wakaenda mpaka Napoli, mwendo wa kilometa 230, kati ya macheo na machweo. Mwaka 1904 desturi hiyo ikaingia Ufaransa, na mwaka huo huo kikaanzishwa mjini Paris chama kiitwacho Audax Club Parisien, ambacho kingali hai hata leo. Neno "audax" ni la Kilatini, na maana yake ni mwenye ujasiri.

Sheria za safari zao si nyingi. Kila msafiri hupewa kadi. Njiani viko vituo, na katika kila kituo kadi hugongwa mhuri na saa huandikwa. Safari ya kilometa 200 hupewa saa 13 na nusu. Ya kilometa 300, saa 20. Ya 400, saa 27. Na ya 600, saa 40. Ukipiga hesabu utaona ya kuwa mwendo unaotakiwa ni kilometa 15 hivi kwa saa, na mtu mzima mwenye baisikeli nzuri aweza kwenda hivyo bila kutoka jasho jingi. Lakini sikilizeni vema: saa za kula, za kuziba mpira uliotoboka, na za kulala zote zimo ndani ya hesabu hiyo. Akaaye saa mbili chini ya mwembe hajapumzika bure. Amezitoa katika fungu lake.

Na jambo lililo kubwa kuliko yote ni kwamba hapana mshindi. Afikaye wa kwanza na afikaye wa mwisho, maadamu wote wamefika kabla ya saa kwisha, heshima yao ni moja.

Safari hizo nne hupangwa katika majira ya mwaka mmoja. Msafiri huanza na ile ya 200. Akiisha kupumzika majuma kadhaa hufanya ya 300, kisha ya 400, na mwisho ya 600. Kila safari humfundisha jambo jipya. Ya 200 humfundisha kula na kunywa kwa kipimo. Ya 300 humfundisha kuendelea baada ya jua kutua. Ya 400 humpitisha usiku kucha njiani, na ya 600 humfundisha mahali pa kulala kidogo na saa ya kuamka. Mwenye kuzimaliza zote nne katika majira mamoja aweza kufikiri habari ya safari kuu yao, ambayo hufanywa mara moja kila miaka minne, kutoka Paris mpaka Brest kwenye pwani ya bahari na kurudi. Hiyo ni kilometa 1,200 hivi, na muda mrefu kupita wote unaoruhusiwa ni saa 90. Mkitaka kuupima mwendo huo kwa macho ya nchi yetu, fikirini reli itokayo Dar es Salaam, ikapita hapa Tabora, ikafika Kigoma: urefu wake wapata kilometa 1,250.

Zamani safari hiyo ya Brest ilikuwa mashindano. Yalipofanywa mara ya kwanza mwaka 1891, watu zaidi ya 200 waliondoka Paris, na nusu yao hivi ndio waliofika. Wa kwanza alikuwa Charles Terront, aliyetumia karibu saa 72 bila kulala.

Sasa turudi nyumbani, kwa kuwa sisi watu wa Tabora hatuna haja ya kwenda Ufaransa ili tujifunze kudumu. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, njia kuu ya nchi hii ilikuwa ile ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe, mwendo wa kilometa 800 hivi, na toka hapa mpaka Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipita njia hiyo kwa miguu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32, mbali na mkeka wake, na chakula chake, na chungu chake. Kwenda pwani kulichukua miezi miwili au mitatu. Tukiziangalia desturi zao twaona zalingana sana na desturi za vyama vile vya baisikeli.

Kwanza, walikuwa na majira yao. Wengi waliondoka mavuno yakiisha, wakati wa kiangazi, wakafanya bidii kurudi kabla ya mvua ili wawahi kulima. Hawakusafiri ovyo. Nasi pia, majira yetu ya baisikeli ni tangu mwezi wa Mei, mvua ikiisha, hata Oktoba. Tena yafaa kukumbuka ya kuwa Septemba na Oktoba jua ni kali mno.

Pili, msafara ulikuwa na kirangozi, naye ndiye aliyetangulia. Mpagazi hakuruhusiwa kumpita kirangozi, na aliyempita alitozwa faini. Kwa nini? Kwa sababu kijana mmoja akienda mbio, wengine humfuata kwa kuona haya, na jioni msafara wote huwa umevunjika. Katika Ufaransa iko namna moja ya safari za baisikeli ifuatayo sheria hiyo hiyo: nahodha hutangulia kwa mwendo wa kilometa 22 na nusu kwa saa, wala hapana ruhusa ya kumpita. Namna ya pili, iliyoanza mwaka 1921, ni ile tuliyoieleza, ambayo kila mtu hushika mwendo wake. Kwa wanaoanza, twaona ile ya kirangozi ndiyo bora.

Tatu, walijua kuvuka mahali pasipo maji. Kati ya Ugogo na Unyanyembe ilikuwako nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, na maji yake yalikuwa ya shida. Basi walifanya terekeza: walipika na kunywa kituoni hata wakashiba, wakaondoka baada ya adhuhuri, wakaenda mpaka usiku, wakalala pasipo maji, na asubuhi wakafikia kisima. Waliugawa ukame mafungu mawili, na jua kali likawapata mara moja tu. Mwendesha baisikeli na afanye vivyo hivyo. Kabla ya kuondoka, aulize maji yako wapi, kisha achukue ya kumfikisha, na kidogo zaidi.

Hapa twataka kusema wazi, maana jambo hili laweza kuua. Mtu atokaye jasho jingi hupoteza maji na chumvi pia. Akikaa bila kunywa, kichwa humwuma, hupata kizunguzungu, na mwisho huanguka. Lakini anywaye maji matupu kwa wingi kupita kiasi naye hudhurika, kwa kuwa chumvi iliyobaki mwilini huzidi kuwa chache. Mtu akiishiwa nguvu kwa jasho, tieni katika lita moja ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, mkampe anywe kidogo kidogo kivulini. Ikiwa jasho limekauka, na mwili ni wa moto, na maneno yake hayaeleweki, mmwagieni maji, mmpepee, na mmpeleke hospitali upesi.

Na chakula je? Msingoje njaa. Njaa ya safari huja ghafula. Miguu hulegea kana kwamba imekatwa kamba. Kuleni kidogo kila saa moja. Wala hapana haja ya vyakula vya kununuliwa kwa fedha nyingi. Matobolwa yetu, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, pamoja na karanga na asali, ni akiba ya safari iliyo bora kabisa. Haiozi upesi, ni nyepesi, na inatia nguvu.

Baisikeli nayo ina haki zake. Kabla ya safari angalieni breki zote mbili, mnyororo, na matairi. Chukueni pampu, viraka, gundi, na mpira wa ndani wa pili. Pimeni kiti hivi: kaa juu yake, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini, mguu ukinyoka sawasawa, kiti ni chema. Kiti kilicho chini mno huumiza magoti, na goti lililoumia kilometa ya 50 halitakusamehe kilometa ya 150. Usiku taa ni lazima, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na usingizi ukikujia, shuka ulale. Anayesinzia juu ya baisikeli kati ya malori hasafiri, anabahatisha.

Hata mabingwa hawana kinga. Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha wa Team Amani, aliyewafungulia vijana wengi wa Afrika Mashariki njia ya mchezo huu, alianguka akiwa katika mwendo mkali kwenye mashindano huko Vermont, Marekani, tarehe 27 Agosti 2022, akafa. Alikuwa na miaka 33. Twamtaja kwa heshima, na ili kila kijana ashike breki zake kwenye mteremko.

Basi, mwenye kutaka kuanza afanyeje? Asianze na 200. Kwa juma moja aende 30 kwa siku, mara tatu, kisha 50, kisha 80, akipumzika katikati. Baada ya miezi miwili au mitatu, yeye na wenzake wanne au watano waweza kwenda Nzega kwa barabara ya lami na kurudi. Kwenda ni kilometa 115 hivi, basi kwenda na kurudi ni zaidi ya 200. Waandike saa ya kuondoka na saa ya kufika, na wasimwache mtu nyuma.

Neno la mwisho. Mwezi wa Oktoba mwaka 1873 watu kadhaa walifika hapa Unyanyembe wakichukua maiti ya Livingstone, aliyekufa tarehe 1 Mei katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Viongozi wao walikuwa Chuma na Susi. Hapa waliambiwa afadhali wamzike papa hapa. Walikataa, wakaendelea, na mwezi wa Februari mwaka 1874 wakafika Bagamoyo, baada ya mwendo wa zaidi ya kilometa 1,500. Hawakuwa na mwendo wa kasi; walikuwa na nia, na mpango, na umoja. Njia hiyo ingali ikipita katika nchi yetu, nayo yatufundisha lile lile ambalo wazee walilisema: mwenda pole hajikwai. Kwaherini.