Siri ya mgonjwa: Daktari huipeleka wapi?

WAHENGA walisema siri ya mtungi muulize kata. Katika mambo ya ugonjwa, daktari ndiye kata. Anajua yaliyomo ndani ambayo hata mumeo au mkeo huenda hayajui. Je, msomaji, umewahi kujiuliza ni nani mwingine anayeambiwa?

Huenda wewe unayeishi Nairobi au Mombasa husumbuki. Daktari hakujui, nawe humjui. Lakini hebu fikiria nyumbani Ozi, karibu na Kipini, pale Mto Tana unapoikaribia bahari. Huko watu ni wakulima wa mpunga na minazi, ni wavuvi, na wengi ni ndugu. Mtu akishuka mtumbwini, watu wanajua ni mtoto wa nani kabla hajafika mlangoni.

Mnamo Februari 23, 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti zote, Tana River ikiwemo, wakusanye habari za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, walezi wao, na akina mama waja wazito na wanaonyonyesha wenye virusi hivyo. Huenda nia ilikuwa njema, kwani huwezi kupeleka dawa za kutosha bila kujua wagonjwa ni wangapi. Tatizo ni kwamba fomu iliyotumika iliunganisha jina la mtu na hali yake.

Shirika la KELIN na wenzake walikwenda Mahakama Kuu. Desemba 7, 2016, Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba agizo hilo lilivunja kifungu cha 31 cha Katiba, kinacholinda faragha ya mtu, na kifungu cha 53 kinachotanguliza maslahi ya mtoto. Serikali ilipewa siku 45 kuyageuza majina yaliyokwisha kukusanywa yawe alama za siri, ili asijulikane mwenyewe ni nani.

Hukumu hiyo ilikuwa nzuri. Lakini kwa kijiji kama Ozi, kuficha jina pekee hakutoshi. Ukiandika "msichana mmoja, darasa la nne, analelewa na nyanya yake", mjini hiyo ni tarakimu tu. Kijijini umeshamtaja. Kesho yake hapati wa kukaa naye dawati moja.

Hii si kusema serikali isijue lolote. Kipindupindu kikizuka, daktari analazimika kisheria kutoa taarifa ili maji yatibiwe na wengine waokolewe. Kwa mipango mingi mingine, hesabu ya wagonjwa wa eneo zima inatosha.

Na bima je? Unapotibiwa bila kulipa mkononi, hospitali hupeleka hati ya madai yenye jina lako, ugonjwa, vipimo na dawa. Anayelipa lazima ajue analipia nini. Hata hivyo, bili ya kung'oa jino haihitaji habari za mimba iliyoharibika miaka 10 iliyopita. Jambo hili linagusa wengi tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliposhika nafasi ya NHIF, maana vijana wengi wa mjini ndio wanaowaandikisha wazazi walioko mashambani.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Inakupa haki ya kuambiwa zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Ukionewa, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi, uliza maswali matatu: Mnataka kujua nini? Nani atasoma? Kwa nini jina langu lihitajike? Ikiwa fomu inasema unaruhusu "habari zote", uliza kama unaweza kuruhusu za ugonjwa huu tu. Na ukimwandikisha mzazi wako, msomee fomu neno kwa neno kabla hajaweka dole gumba. Siri ni yake, si yako.

Mgonjwa anayeogopa kutangazwa haendi zahanati. Hukaa nyumbani na ugonjwa wake mpaka mambo yaharibike. Hapo serikali haipati hesabu, bima hulipa zaidi, nasi tunampoteza mtu.