Buibui Anayetembea Usiku: Sumu Yake Inafanya Nini, na Kwa Nini Kidonda Chako Huenda Si Kazi Yake

Umeamka asubuhi, mkono umevimba, una wekundu, unauma na kuwasha. Mdudu hujamwona. Ukiuliza nyumbani, jibu linakuja bila hata mtu kukuangalia vizuri: “Buibui huyo.”

Kuanzia Ifakara mjini mpaka Mang'ula na Mlimba utalisikia jibu hilo hilo. Shida yake ni kwamba mara nyingi halina ushahidi. Na katika bonde hili, mtu anayesema “ni buibui tu” anaweza kuwa ameumwa na nyoka.

Kwanza tumjue mwenyewe.

Yupo kweli buibui anayetembea usiku ndani ya nyumba na anayeweza kumuuma mtu aliyelala. Kisayansi kundi lake linaitwa Cheiracanthium, jina alilolitoa Mjerumani Carl Ludwig Koch mwaka 1839. Maana yake kwa Kigiriki ni kama “mwiba wa mkono”, kwa sababu dume ana kijiba kwenye viungo vyake vidogo vya mbele. Aina zake zinazidi 200, na wanapatikana Afrika, Ulaya, Asia, Australia na Marekani.

Kwetu si mgeni. Mwaka 1921 mtaalamu wa Uswisi, Roger de Lessert, alieleza buibui waliokusanywa Kilimanjaro na Meru, na mmoja wa kundi hili akampa jina Cheiracanthium kibonotense. Hilo ni jina la Kibong'oto, kule Kilimanjaro. Yaani kuna buibui anayetembea duniani na jina la kijiji cha Tanzania, na wengi wetu hatujui.

Ukitaka kumtambua, tafuta buibui mwenye rangi ya njano iliyopauka au ya maziwa, wakati mwingine na ukijani kidogo, mdomo mweusi au wa kahawia iliyoiva. Mwili wake ni kama punje ya mpunga, miguu mirefu, ya mbele mirefu zaidi. Hategi utando. Mchana analala ndani ya kifuko cheupe cha nyuzi alichokishona kwenye jani lililokunjwa, kwenye mikunjo ya pazia au pale ukuta unapokutana na dari. Giza likiingia anatoka na kuzunguka akitafuta wadudu. Ndiyo maana wengine wanamwita buibui wa kifuko.

Usimchanganye na yule bapa, mkubwa, anayeganda ukutani na kukimbia kama umeme ukimgusa kwa ufagio. Huyo anatisha kwa macho tu. Mwache ale mende.

(Kitu cha pembeni: mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliita magari zaidi ya 50,000 huko Marekani yarudi gereji kwa sababu buibui wa kundi hili walikuwa wanashona vifuko ndani ya bomba la kupumulia la tangi la mafuta. Inaonekana harufu ya petroli inawavutia.)

Sasa, sumu.

Sumu ya buibui haikutengenezwa kwa ajili yako. Ni ya kumlaza mdudu asikimbie. Ndani yake mna protini ndogo ndogo zinazovuruga mishipa ya fahamu ya mdudu. Kwa jamaa mmoja wa Ulaya, Cheiracanthium punctorium, watafiti wamekuta pia protini inayotoboa ukuta wa seli. Hiyo inasaidia kueleza kwa nini akikuuma unasikia moto.

Meno yake yana nguvu ya kupenya ngozi ya mtu, jambo ambalo buibui wengi hawaliwezi. Kwa hiyo akibanwa kwenye shuka au ndani ya nguo, anauma. Maumivu yanakuja palepale, kama ya nyuki au nyigu. Panakuwa pekundu, panavimba, panawasha. Wachache wanapata kichefuchefu au kichwa kuuma. Kwa kawaida maumivu yanaisha ndani ya saa chache, na uvimbe na muwasho kwa siku chache.

“Mbona tunaambiwa anaozesha nyama?”

Habari hiyo ipo, na imezunguka sana. Vitabu vingi vya Afrika Kusini vimemtaja buibui huyu kama chanzo kikubwa cha vidonda vinavyooza. Lakini mwaka 2006 Mmarekani Richard Vetter na wenzake walifanya kitu rahisi ambacho kabla yake wengi hawakukifanya: walihesabu wagonjwa ambao buibui mwenyewe alionekana akiuma, akakamatwa, akatambuliwa na mtaalamu. Marekani na Australia walipata 20 wa namna hiyo. Waliooza ngozi: hakuna hata mmoja. Walipopekua maandiko ya nchi nyingine wakakuta kisa kimoja tu cha kuoza, tena kidogo.

Kwa maoni yangu utafiti huo ungestahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila zahanati, maana unauliza swali ambalo sisi hatuulizi: nani alimwona huyo buibui?

Si kwamba hakuna buibui wa kuozesha. Kundi la Loxosceles, hasa la Amerika, sumu yake ina kimeng'enya ambacho kimethibitishwa kuua ngozi. Hilo ni kundi lingine kabisa.

Na yule wa WhatsApp, “buibui wa ndizi anayeua”? Huyo ni Phoneutria, naye hutembea usiku bila kutega utando, lakini makazi yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Afrika hayupo. Ndizi za Mang'ula ule bila wasiwasi. Sumu yake ni kali kweli: inashika milango ya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu, na kwa wanaume inaweza kusimamisha uume kwa saa nyingi kwa maumivu makali, mpaka watafiti wa Brazil wakaanza kuichunguza watengeneze dawa ya nguvu za kiume. Lakini hata huko kwao, madaktari wa Campinas walipofuatilia wagonjwa 422 walioumwa kati ya 1984 na 1996, karibu tisa kati ya kila kumi waliishia na maumivu tu. Waliopata hali mbaya kabisa hawakufika hata mmoja katika kila mia.

Turudi bondeni. Kama si buibui, kile kidonda kimetoka wapi?

Wa kwanza kumshuku wakati wa mvua ni nzi wa Nairobi. Si nzi, ni mdudu mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi, anayependa sehemu zenye unyevu kama mashamba ya mpunga na kufuata taa usiku. Haumi. Ukimponda kwenye ngozi, majimaji yake yana sumu inayoitwa pederini, ambayo inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake. Siku hiyo hutasikia kitu. Baada ya siku moja au mbili ndipo ngozi inababuka, mara nyingi kwa mstari, pale mkono ulipomburuza. Ikiwa umemponda kwenye mkunjo wa kiwiko, alama inatokea pande zote mbili. Mdudu huyu alisumbua sana Afrika Mashariki baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Akitua mwilini mpulize, usimpige kofi, na ukishamgusa nawa kwa sabuni.

Wa pili ni bakteria wa kawaida wa majipu. Uvimbe wa moto, katikati usaha, unakua kila siku. Huo unataka mhudumu wa afya aupasue au atoe dawa sahihi, si vidonge vya rangi mbili vya dukani unavyokunywa siku mbili na kuacha.

Wa tatu ni kimeta. Hapa naomba usome taratibu. Kinaanza kama kipele kinachowasha, kinakuwa lengelenge, halafu katikati panakuwa kidonda cheusi kama mkaa. Pembeni pamevimba, lakini cha ajabu hakiumi. Watu wengi wakiona weusi ule wanasema ni sumu ya buibui. Kama wiki hiyo ulichuna, ulibeba au ulikata nyama ya ng'ombe aliyejifia, nenda hospitali na ulitaje jambo hilo hata kama hujaulizwa. Kimeta kinatibika kwa antibayotiki kikiwahiwa, kikiachwa kinaua. Kupe naye anaweza kuacha kidonda kidogo cheusi, na homa ikafuata.

Wa nne ni nyoka, na huyu ndiye anayenifanya niandike haya yote. Msimu wa mpunga familia nyingi zinahamia shambani kwa miezi, zinalala kwenye vibanda vya nyasi, mbali na zahanati. Mtu anakanyaga kitu gizani, au anachomwa mguuni akiwa amelala chini. Hana tochi. Anasema buibui, anabandika jiwe jeusi, analala. Kumbe ni kifutu au swila. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka wanaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na dawa ya sumu ya nyoka inasaidia zaidi ikitolewa mapema.

Dalili za kukutoa kitandani usiku huohuo ni hizi: uvimbe unaopanda kwa kasi toka mguuni kwenda juu, matundu mawili, damu isiyokata, kope kulegea, kutapika, kushindwa kumeza au kupumua vizuri. Ukiona mojawapo, acha habari ya buibui. Vua pete na viatu, kiungo kisitikiswe, tafuta bodaboda au gari. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana.

Kama kweli ni buibui na hakuna dalili hizo, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, kunywa paracetamol, usikune. Uliza kama chanjo yako ya pepopunda bado inafanya kazi. Kama wekundu unazidi kutanuka baada ya siku mbili, au umepata homa, nenda ukaonwe.

Kuhusu kinga, bonde hili lina bahati. Ifakara imekuwa na maabara ya utafiti toka miaka ya 1950, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Kilombero na Ulanga ndiko vilikosambazwa vyandarua vya Zuia Mbu. Karibu kila nyumba inajua chandarua. Sasa kichomeke chini ya godoro au mkeka pande zote, kisiguse sakafu wala ukuta, kwa sababu buibui huyu haruki, anatembea. Huko Nepal watafiti waliona pia kwamba waliolala ndani ya chandarua waliumwa na nyoka mara chache zaidi. Kung'uta shuka kabla ya kulala. Kung'uta na viatu vya shamba.

Na ukimkuta anayekuuma, usimsage mpaka abaki unga. Mfunike kwa glasi, teleza karatasi chini yake, mtie kwenye chupa yenye kifuniko, uende naye kituoni. Hata aliyekwisha kufa anafaa, mradi miguu na mdomo vionekane. Ila akiwa ni nyoka, usimfukuze wala usimshike, hata akiwa amekufa. Mpige picha kwa simu ukiwa mbali, kama inawezekana bila kukuchelewesha.