Kurejesha weusi wa madigadi na plastiki za gari

Kurejesha weusi wa madigadi na plastiki za gari ni kazi ya kusafisha, kukinga na kutia rangi nyeusi sehemu mbili za nje ya gari. Ya kwanza ni uvungu wa madigadi, yaani nafasi iliyo juu ya kila gurudumu. Ya pili ni plastiki ambazo hazikupakwa rangi ya bodi, kama vile bampa, kingo za madigadi na fremu za vioo vya pembeni. Kazi hii hufanywa na mafundi rangi, waosha magari na wenye magari wenyewe. Ikifanywa vizuri hukinga chuma kisiliwe na kutu. Ikifanywa juu juu huficha kutu ambayo inaendelea kula.

Mazingira ya Tabora
Mji wa Tabora uko kwenye njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 mizigo ilibebwa na wapagazi waliotembea kwa miguu. Siku hizi magari hupita Nzega, Urambo, Kaliua na Uvinza, na nje ya lami hukutana na vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika.

Mambo matatu huchakaza magari katika eneo hili. Kwanza ni jua: Tabora iko karibu na nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwenye kimo cha mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua hupita utosini mapema Machi na mapema Oktoba, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kimo. Pili ni udongo mweusi wa mfinyanzi wa mbugani, ambao hushika chini ya madigadi na kukaa na unyevu kwa muda mrefu. Tatu ni chumvi, hasa kwa magari yanayobeba chumvi ya Uvinza, bidhaa iliyouzwa katika njia hiyo tangu enzi za misafara.

Kwa nini plastiki hupauka
Plastiki nyingi za nje ya gari ni polipropilini iliyochanganywa na masizi ili iwe nyeusi. Miale ya jua na oksijeni hukata minyororo ya molekuli za juu, na uso hupata nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Nyufa hizo hutawanya mwanga, hivyo plastiki huonekana ya kijivu au nyeupe. Mafuta yakipakwa hujaza nyufa na weusi hurudi, kama kitambaa kinavyoonekana cheusi zaidi kikilowa. Mafuta yakioshwa na mvua, kijivu hurudi.

Kutengeneza uvungu wa madigadi
Kazi huanza kwa kuondoa gurudumu, gari likiwa limeegemezwa kwenye stendi imara na si kwenye jeki peke yake. Matope huoshwa kwa maji na brashi, na matundu ya kutolea maji huzibuliwa. Baada ya sehemu kukauka kabisa, kutu husuguliwa kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kionekane. Kisha hupakwa praima ya kuzuia kutu, na juu yake rangi nzito ya lami au ya mpira, kwa matabaka membamba, kila moja likiachwa likauke.

Breki, springi, mipira ya ekseli, ekzosi na matundu ya maji hufunikwa kabla ya kupuliza rangi. Lami ikipakwa juu ya matope au kutu hufungia unyevu ndani, na chuma huoza haraka zaidi chini ya weusi unaong'aa.

Kutengeneza plastiki
Plastiki huoshwa kwa sabuni, hufutwa kwa spiriti na kuachwa ikauke. Baada ya hapo kuna njia kuu tatu:

- Mafuta ya silikoni: rahisi na ya haraka, lakini hudumu siku au wiki chache na hunasa vumbi.
- Dawa inayokauka na kuacha utando mgumu: hudumu miezi kadhaa.
- Rangi: msasa laini, praima ya plastiki, kisha rangi nyeusi isiyong'aa. Hudumu kwa miaka, lakini bila praima hiyo hubanduka.

Nta ya nyuki, ambayo Tabora inasifika nayo pamoja na asali, huyeyuka kwa nyuzi 62 hadi 65 za selsiasi. Plastiki nyeusi juani inaweza kukaribia joto hilo, hivyo nta peke yake hulainika na kukusanya vumbi.

Tahadhari
Oili chafu ya injini haifai kwa kazi hii ingawa hupatikana kwa bei ndogo. Huvimbisha na kudhoofisha baadhi ya mipira, huchafua udongo na maji, na ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani ikigusa ngozi mara kwa mara. Lami iliyozimuliwa kwa petroli hushika moto kwa urahisi. Silikoni isifike kwenye breki, pedeli au sehemu ya tairi inayogusa barabara.

Kukagua gari lililotumika
Magari mengi nchini Tanzania huagizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na baadhi hutoka sehemu za theluji kama Hokkaido, ambako chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Katika magari mengi madogo, bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito, na shokapu hufungwa juu ya uvungu wa madigadi. Chuma kikioza hapo, shokapu inaweza kung'oka gari likiwa mwendoni.

Kwa hiyo weusi mpya kwenye gari la zamani si uthibitisho wa uzima. Mnunuzi hugonga chuma kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hutoa mlio mkavu, kilichooza hutoa mlio mzito au hubonyea. Sumaku isiponata mahali panapopaswa kuwa na chuma, huenda pamejazwa pati.