Sindano Inapohesabiwa Kosa

Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vya kukagua uandishi wa dawa. Mkaguzi hukusanya vyeti vya dawa visivyopungua 600 kutoka vituo 20, kisha huuliza: kila mgonjwa kaandikiwa dawa ngapi? Ni kwa jina halisi la dawa au la kibiashara? Wangapi wamepewa antibayotiki? Wangapi wamechomwa sindano? Dawa zimo katika orodha ya dawa muhimu? Sindano zikizidi, kituo huonekana kimekosea. Kwa mafua, ni haki.

Kwa magonjwa ya akili katika delta ya Rufiji, kipimo hicho cha sindano hupotosha. Mgonjwa wa skizofrenia anayetoka Mbwera au Kiongoroni, wilayani Kibiti, hupita mikokoni kwa boti, akifuata maji kujaa na kupwa, kabla ya kuipata barabara. Vidonge vya haloperido vikimwishia wakati wa masika, tiba hukatika, na mara nyingi ugonjwa hurudi.

Sindano ya flufenazini dekanoati hupunguza safari hizo. Dawa hiyo huyeyushwa katika mafuta ya ufuta. Ikichomwa msulini, hutoka kidogo kidogo kuingia kwenye damu, hivyo dozi moja hutosha wiki 2 hadi 4, pengine zaidi. Ila ikishaingia haitoki upesi: mgonjwa akikakamaa misuli au kutetemeka, ataishi na hali hiyo kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana huanzwa kwa dozi ndogo, na kwa ridhaa yake.

Kwa hiyo mkaguzi wa dawa za akili asiishie kuhesabu. Afungue faili aone kama ugonjwa umetajwa. Akikuta haloperido na klopromazini kwa pamoja, atafute sababu: zote huzuia dopamini ubongoni, na kuzichanganya huongeza madhara kuliko nafuu. Akikuta kila mgonjwa ana benzeksoli, dawa ya kupunguza kukakamaa huko, aulize kama alikakamaa kweli, kwani dawa hiyo hukausha kinywa na kuvuruga kumbukumbu.

Mwisho alinganishe dozi na tarehe ya kurudi. Mtu wa delta aliyepewa vidonge vya siku 14 na kuambiwa arudi baada ya siku 30 hajawa mtoro wa kliniki dawa zikimwishia. Kosa hilo liandikwe upande wa cheti.