Mama wa njiti si mgeni wa wodi

Mama wa tarafa ya Butare, wilayani Rusizi, akijifungua mtoto njiti, kituo cha afya hakitoshi. Hupelekwa hospitali ya wilaya. Kwa baba aliyebaki na shamba na watoto wengine, kwenda kumwona mtoto ni milima na nauli. Akifika ananawa mikono, anamchungulia mtoto ndani ya inkubeta, anatoka.

Kumbe huyo anayetoka ni sehemu ya tiba. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa 2021, ulifuatilia watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na uzito mdogo. Waliowekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, asilimia 12 walifariki ndani ya siku 28. Waliosubiri kwanza hali itulie, asilimia 15.7. Tofauti kubwa, na si ya mashine mpya: mama alipewa kitanda katika wodi ileile ya mtoto.

Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 8 hadi 24 za kifuani kila siku. Saa hizo hazimo katika muda wa kawaida wa kuona wagonjwa. Baba au bibi anaweza kumpokezana mama, lakini naye apewe pa kulala.