Makaa ya Mui: Haidrojeni "Safi" kwa Maana Ipi?

Makala haya yanaeleza jinsi haidrojeni inavyoweza kutolewa katika makaa ya mawe, na kuhoji sifa inayoandamana nayo: safi. Mfano wetu ni bonde la Mui, Kitui, ambako mwaka 2011 kampuni ya Fenxi ya Uchina iliteuliwa kwa vitalu C na D vya makaa hayo. Yalikusudiwa hasa kuzalisha umeme. Haidrojeni ni njia nyingine inayoruhusiwa na kemia.

Wachomaji makaa wa Kitui na Makueni wanaijua hatua ya kwanza bila ya kuisomea. Tanuri hufunikwa udongo ili hewa iingie kidogo tu, kuni zisiteketee. Mtambo nao huyanyima makaa ya mawe oksijeni ya kutosha, kisha huyapulizia mvuke wa maji. Hapo hutoka mchanganyiko wa haidrojeni na kaboni monoksidi, ile gesi inayowaua waliolala na jiko chumbani. Mchanganyiko huu twaweza kuuita gesi sanisi, kwa kufuata kielelezo cha usanisinuru. Mvuke ukiongezwa penye kichocheo, kaboni monoksidi hunyakua oksijeni ya maji ikawa hewa ukaa, na haidrojeni nyingine ikaachwa huru. Hewa ukaa hufyonzwa kwa kimiminika maalumu, ikatengwa, ikashindiliwa ardhini.

Hesabu yake haina fumbo. Iwapo kaboni yote itapitia mvuke, kilo 1 ya haidrojeni hudai lita 9 za maji na huzaa kilo 11 za hewa ukaa, kabla ya kuhesabu moto wa kuuendesha mtambo wenyewe. Nako Ukambani watu hujenga mabwawa ya mchanga ili maji ya mvua yajifiche mtoni hadi kiangazi!

Hewa ukaa nayo itazikwa wapi? Katika mradi wa Sleipner, Norwe ilianza mwaka 1996 kuishindilia chini ya bahari, kwenye mawe ya mchanga yenye vinyweleo. Sehemu kubwa ya Kitui na Makueni imekalia miamba mikongwe, migumu, isiyo na nafasi kama hiyo.

Mkakati wa haidrojeni ambao Kenya iliuzindua mwaka 2023 unahusu ile ya kijani, itolewayo majini kwa umeme jadidifu. Hii haizai hewa ukaa, ingawa nayo hudai lita zizo hizo 9. Zote mbili huitwa "safi". Napendekeza wafasiri wa vikao vya hadhara waseme "haidrojeni ya makaa ya mawe" na "haidrojeni ya umeme jadidifu". Ni maneno marefu kidogo, lakini mkulima wa Mui atajua aulize nini kuhusu maji yake, na nini kuhusu hewa ukaa.