Hisani Niliyoifanya Haki

Msomaji wangu, leo simsemi waziri wala mwenye duka. Leo najisema mwenyewe.

Mwaka 2023 ulitubana sote. Mwezi wa Julai ushuru wa mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na ilipofika Septemba petroli imekwisha kupita shilingi 200 kwa lita. Bei ya sukari nayo sina haja ya kumkumbusha mtu. Hapa Mombasa kikipanda kitu kituoni asubuhi, jioni huonekana karaini.

Jirani yetu mmoja, mjane, hupika mahamri na mbaazi za nazi kibarazani pake baada ya alfajiri. Nalimtungia bintiye shairi la harusi zamani, bure, na tangu siku hiyo hesabu yangu kwake haikuwa na haraka. Kila asubuhi humtuma mjukuu alete mahamri ya shilingi 60, yaani sita, na bakuli la mbaazi la shilingi 40, na ujumbe kwamba babu atakuja kulipa. Babu huja apendapo.

Asubuhi moja ya Septemba ile mtoto akarudi na mahamri manne.

Wallahi niliona nimetukanwa. Mimi! Mtu ambaye harusini huwekwa safu ya mbele, na ambaye (nakiri) akilala hujiota yu barazani na Muyaka bin Haji. Nikavaa kanzu, nikatoka. Pale kibarazani vibarua wa bandarini wamepanga mstari. Nikawapita wote, na hapana aliyenena neno. Heshima hiyo nayo nikaipokea kama mshahara.

“Bibi, mahamri yangu yamepungua.”

“Hayakupungua, Maalim. Hamri sasa ni shilingi 15.”

“Hata kwangu?”

Akainamisha macho karaini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ili wale vijana wasisikie: “Maalim, siku 18 hujalipa. Mwenye duka naye amekataa kunipa unga mpaka nimalize deni lake. Huu ninaopika leo nimeazima kwa dada yangu.”

Nyuma yangu kijana mmoja akatoa sarafu 15, akanunua hamri moja, akaikata nusu na mwenziwe.

Siku 18 ni shilingi 1,800. Nilikuwa nazo siku zote. Nalizitia katika mambo niliyoyaona ni ya lazima zaidi, kwa kuwa yale yalidai kwa ukali na huyu bibi alidai kwa adabu. Chuoni, nikiwa mtoto, nalisomeshwa kwamba shahidi husamehewa kila kitu ila deni, na kwamba haki za waja hazifutwi kwa kulia msikitini. Naliyahifadhi hayo yote. Lakini yeye aliponingojea kwa hisani, mimi naliandika moyoni kuwa ni stahiki yangu, na shairi moja la harusi nikalifanya pensheni.

Nililipa jioni ile ile. Aliposhika zile noti alizihesabu mbele yangu, jambo ambalo hajapata kulifanya, na lilinichoma zaidi ya maneno.

Asubuhi ya pili nalikwenda mwenyewe, nikasimama mstarini, nikawa wa tisa. Yule bibi aliponiona akanyosha kifurushi juu ya vichwa vya watu, “Chukua, Maalim.” Mkono wangu ukatoka wenyewe. Nikaurudisha, lakini si upesi.